Nani Alitunga "Malaika"? Swali Lililoishinda Programu Yangu

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kisingizio changu ni kile kile cha siku zote: kazi za watu zilikuwa nyingi na stima ilikuwa kidogo. Hapa huwa tunazungumza mambo ya programu, seva na simu, lakini leo nataka tuzungumze muziki. Subiri kwanza, usiondoke! Kompyuta imo, hifadhidata imo, na mandazi pia yamo.

Kwa wale wasioufahamu mji wetu, mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, na haiji peke yake, huja na radi. Mtu akinaswa na mvua sokoni hukimbilia kibanda cha chai. Ndivyo nilivyojuana na marafiki zangu wa Ijumaa. Yupo mwalimu mstaafu aliyefundisha historia. Yupo fundi wa redio ambaye ametengeneza redio tangu enzi za valvu. Yupo kijana wa boda boda, yupo dada mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na yupo mama mwenye kibanda, ambaye hakosi neno. Kinachotuunganisha ni ubishi juu ya muziki: nani aliimba nini, nani alipiga gitaa, nani aliiba wimbo wa nani. Mshindi hulipiwa chai na mandazi mawili.

Sasa mimi, kwa kuwa nimesomea kompyuta na nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe programu, niliona ubishi huu unahitaji utaratibu. Nikakesha siku mbili nikaandika programu ndogo ya chemsha bongo. Jedwali moja tu, lenye safu nne: namba, swali, jibu, pointi. Ijumaa iliyofuata nikafika na kipakatalishi changu, nikakiweka mezani katikati ya vikombe, nikajiona mtu.

Swali la kwanza niliona ni la kuwapa watu moyo: nani alitunga "Malaika"?

Kijana wa boda boda akasema Boney M. Mama wa kibanda akasema Miriam Makeba, na akaongeza kwamba asiyejua hilo asinywe chai yake. Mwalimu akasafisha koo, akasema Fadhili William wa Taita. Nikabonyeza. Skrini ikawa kijani: SAWA! Nilipotaka kwenda swali la pili, fundi wa redio akaweka kikombe chini.

"Si yeye," akasema. "Ni Adam Salim."

"Mzee, kompyuta inasema Fadhili William."

"Wee kijana, hiyo kompyuta yako ilikuwepo?"

Watu walicheka mpaka mama wa kibanda akamwaga maziwa. Kabla sijapata la kujibu, radi ikapiga na stima ikaenda. Kipakatalishi changu ni kizee, betri yake haifikishi dakika kumi. Kikazima. Mchezo wenyewe haukuzima, uliendelea gizani kwa saa nzima, bila programu, bila jedwali, na nadiriki kusema ulinoga zaidi.

Nilirudi nyumbani nikitafakari. Nilikuwa nimeunda jedwali linaloruhusu jibu moja kwa kila swali. Katika swali la kwanza tu, ukweli ulikataa kuingia ndani ya jedwali.

Hebu tuuangalie ukweli wenyewe. Fadhili William alirekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililoenea duniani kama la mtunzi. Adam Salim, mwanamuziki wa Tanzania, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga akiwa Nairobi katika miaka ya 1940. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965. Boney M waliuimba mwaka 1981, Angélique Kidjo akauimba mwaka 1991. Kwa hiyo kijana wa boda boda hakuwa mjinga. Alitaja sauti aliyoisikia yeye. Kila aliyekuwa mezani alitaja mlango alioingilia. Na ugomvi wa mtunzi haujaisha: Fadhili William alifariki mwaka 2001 na swali likabaki hai kuliko wahusika.

Nikajiuliza: je, tatizo ni watu kubishana, au ni programu yangu kudhani ubishi ni kosa la kurekebishwa?

Kabla sijasema ninachoamini, nikuonjeshe kidogo meza yetu. Haya ni baadhi ya maswali ya Ijumaa iliyopita. Funika majibu kwa kiganja kama unaweza!

1. Mwanamuziki gani mkubwa wa roki alizaliwa Zanzibar? Hili kila mtu analijua: Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Farrokh Bulsara tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kijana wa boda boda aliuliza kama hiyo ina maana tunaweza kudai "Bohemian Rhapsody" ni taarabu. Ombi lake lilikataliwa kwa kura nne kwa moja.

2. Wimbo gani wa Michael Jackson unaanza kwa maneno ya Kiswahili? "Liberian Girl", kutoka albamu ya "Bad" ya mwaka 1987. Anayeyasema ni Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Yaani Mmarekani anamwimbia msichana wa Liberia, na Mwafrika Kusini anasema Kiswahili! Mwalimu alisema huo ndio Umoja wa Afrika pekee aliouona ukifanya kazi.

3. Ni bendi gani iliyoiweka Kilimanjaro juu ya Serengeti? Toto, katika "Africa" ya mwaka 1982. Kati ya mlima na mbuga kuna zaidi ya kilomita 200. Dada mwanafunzi anasema hilo ni kosa la jiografia. Mama wa kibanda anasema wimbo mtamu una ruhusa ya kusogeza mlima.

4. Mzungu gani mwenye sauti nene na mbinja tamu alizaliwa Nairobi? Roger Whittaker, mwaka 1936. Alifariki mwaka 2023.

5. "Shauri Yako" ni ya nani? Hapa ndipo wengi huanguka. Utasikia Super Mazembe, kwa sababu toleo lao ndilo lililopigwa kwenye kila harusi na kila baa. Lakini aliyeutunga ni Nguashi N'timbo, naye Mkongo kama wao.

6. Ni wimbo gani wa Mluhya ulioingia katika ishirini bora za Uingereza? "Helule Helule" wa Daudi Kabaka. Kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes liliurekodi, na mwaka 1968 ukafika nambari 14 huko kwao. Nilipolisikia hili kwa mara ya kwanza nilidhani fundi ananitania. Na nyongeza ya mandazi ya pili: Kabaka alizaliwa wapi? Watu wa hapa hukimbilia kutaja vijiji vya magharibi. Alizaliwa Uganda, mwaka 1939.

Umeona mambo? Sasa niseme ninachoamini, na wenye hasira wajiandae. Mimi naamini kwamba porojo hizi za kibandani, ambazo watu makini huziona ni kupoteza muda, ni mojawapo ya hifadhidata bora za muziki wetu. Na sisi waandishi wa programu tunaweza ama kuzisaidia ama kuziua.

Nianze na kuziua, maana hiyo ni rahisi zaidi. Silaha yenyewe iko mfukoni mwako. Mtu anauliza swali, mwingine anatoa simu, sekunde tatu, jibu, kimya. Kwa maswali ya Queen hakuna hasara kubwa. Ukitaka kujua Queen walipanda jukwaani Live Aid tarehe gani, simu itakuambia ni 13 Julai 1985, na itakupa hata video. Wazungu wameandika kila kitu kuhusu roki yao. Mpiga besi akikohoa studio, kuna mtu ameandika.

Lakini iulize simu hiyo hiyo nani alipiga gitaa la pili katika rekodi fulani ya Equator Sound Studios ya Nairobi. Utapata ukurasa mmoja, na kurasa kumi zilizonakili ule mmoja, pamoja na makosa yake ya tahajia. Fundi wetu atakuambia bila kufungua chochote kwamba pale Equator, pamoja na akina Kabaka na Fadhili William, walikuwepo wapiga gitaa kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Twist ile tunayoiita ya Kenya ilikuwa na vidole vya Zambia ndani yake. Hayo ameyabeba kichwani zaidi ya miaka hamsini, bila chelezo.

Siku hizi kuna jambo baya zaidi ya ukurasa mmoja. Kuna programu za akili bandia zinazojibu chochote unachouliza. Nilijaribu moja. Niliiuliza mtunzi wa wimbo mmoja wa zamani wa Kiluhya, ikanipa jina kwa adabu kubwa. Nikafunga, nikafungua, nikauliza swali lile lile, ikanipa jina jingine kwa adabu ile ile. Sisemi teknolojia hii ni mbaya, mimi mwenyewe naitumia kazini kila siku. Nasema tu kwamba haiwezi kujua kile ambacho hakikuandikwa, na ikikosa kujua haioni haya. Fundi wetu asipojua hunyamaza, huvuta kikombe, husema, "Hapo sikuwepo." Ningetamani kuona programu yenye adabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya meza yetu ni: simu chini kwa dakika kumi. Baada ya hapo unaweza kutafuta, lakini kwanza kila mtu aseme anachokijua na alikijulia wapi.

Sasa nije kwenye kusaidia. Kuna ufunguo nilioupata kwa bahati mbaya, nao ni huu: ukitaka kumsikiliza mzee, usimhoji. Kosea mbele yake.

Nilijaribu njia zote mbili. Siku moja nilimwendea fundi na kinasa sauti, nikamwambia kwa heshima zote, "Mzee, tafadhali nieleze historia ya muziki wa magharibi ya Kenya." Alikaa wima, akakohoa, akanipa hotuba ya dakika tano ambayo ingefaa kwenye mkutano wa chifu. Muziki ni muhimu. Vijana wa leo wameacha mila. Serikali isaidie. Basi!

Ijumaa iliyofuata nikasema tu, kana kwamba nazungumza na kikombe changu, kwamba mpiga gitaa wa kwanza wa maana huku kwetu alikuwa Kabaka. Ungemwona! Aliinuka kwenye benchi. Akanipeleka kwa George Mukabi wa Kisa, huku huku kwetu Kakamega, aliyefariki mwaka 1963 na "Sengula" yake ikabaki. Akanionyesha kwa vidole, juu ya meza, jinsi kidole gumba kinavyoshika besi huku kingine kikiimba juu. Akachukua chupa tupu ya soda na kijiko, akaonyesha jinsi mwenzake mpiga gitaa alivyogonga chupa badala ya ngoma. Mama wa kibanda akaanza kuitikia. Mwalimu akapinga jambo moja, fundi akapandisha sauti, na katika kupandisha sauti akataja majina ya watu watatu ambao sijawahi kuyaona yameandikwa popote. Saa moja na nusu! Kosa langu moja la makusudi lilifanya kazi ambayo maswali yangu ya heshima hayakuweza.

Kumbe mtu hubeba ujuzi wake kama kisu kilicho alani. Ukimwomba akuonyeshe, atakuambia kipo. Mguse, ndipo utakiona. Na utani ndio njia ya kumgusa mtu bila kumuumiza.

Najua kuna msomaji anayesema: wewe unasifu uzushi! Watu wakibishana bila ushahidi, uongo unaenea. Ni kweli, na mimi ni mfano hai. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba "Jambo Bwana" ni wimbo wa Boney M. Niliapa! Boney M waliurekodi mwaka 1983, lakini Them Mushrooms walikuwa wameutoa mwaka 1982, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Ni aibu kwa Mkenya kupotoka hivyo. Lakini nani alinirekebisha? Sikurekebishwa na kitabu. Alikuwa abiria mwenzangu ndani ya matatu ya kwenda Kisumu, aliyenicheka kuanzia Mbale mpaka Kiboswa. Sijasahau tena. Uongo hunawiri pale mtu anaposema peke yake. Mezani huwa hauchukui muda kupata mpinzani.

Na mambo madogo si madogo. Jina la mtunzi kwenye karatasi ya santuri ndilo linaloamua hela ziende kwa nani. Wimbo ukiimbwa Ulaya na Marekani huku jina likiwa na utata, kuna familia inalipwa na familia isiyolipwa. Kwa hiyo tunapobishana nani alitunga nini, huku tukicheka, tunagusa jambo lililowahi kuwapeleka watu kwa mawakili.

Basi, baada ya aibu ya siku ile, niliivunja programu yangu na kuijenga upya. Kama unaunda chochote kinachohusu muziki wetu, iwe ni programu ya simu, tovuti ya redio au jedwali la harusi ya shangazi yako, nakuomba uige haya matatu:

Kwanza, usiweke safu moja ya mtunzi. Weka jedwali la madai. Wimbo mmoja unaweza kuwa na madai mawili, matatu, hata matano.

Pili, kila dai liwe na msemaji na chanzo. Nani amesema, alikuwepo au alisimuliwa, na mwaka gani? "Niliona kwenye karatasi ya santuri" si sawa na "niliambiwa na binamu yangu". Vyote viandikwe, lakini visiandikwe kana kwamba ni kitu kimoja.

Tatu, ruhusu "hapo sikuwepo" kuwa jibu halali. Katika programu yangu mpya jibu hilo lina nusu pointi. Utashangaa jinsi nusu pointi inavyopunguza uongo.

Nimalizie na jambo lililonifanya niandike leo badala ya mwezi ujao. Fundi wetu ana sanduku la mbao lenye santuri ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika. Nyingi zimeliwa na mchwa, si plastiki yenyewe, bali ile karatasi ya katikati yenye majina. Nilipoziona nilisikitika, nikasema zimekufa. Akanicheka. Akaiinamisha moja kwenye mwanga wa mlango, akanionyesha ule ukingo laini ulio kati ya muziki na karatasi. Pale kulikuwa na namba ndogo iliyokwaruzwa tangu kiwandani. "Mchwa hawali mkwaruzo," akasema. Ukipata santuri nyingine yenye namba ile na karatasi nzima, umepata jina. Miaka minne chuoni nilifundishwa maana ya ufunguo mkuu wa jedwali, na hakuna mhadhiri aliyenieleza vizuri kama yeye pale mlangoni.

Tumeanza kuzinakili namba hizo, moja baada ya nyingine, kila Ijumaa kabla ya chai. Lakini kuna moja inatusumbua. Ina sauti mbili, gitaa moja na chupa ya soda. Fundi anasema ni mwanafunzi wa Mukabi. Mwalimu anasema si kweli, hiyo lafudhi ni ya upande wa Bunyore. Mwezi uliopita tuliipiga tena ili tuamue. Fundi alisogeza sikio karibu na spika, kisha karibu zaidi, kisha akaniuliza kama nimeongeza sauti. Nilikuwa nimeiongeza mpaka mwisho. Hakuna aliyefanya utani hapo. Mama wa kibanda alimwongezea chai tu.

Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ni haki yake. Gitaa na chupa ya soda vinategemea sanduku moja la mbao na masikio ya mzee mmoja.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni hii. Wikendi hii mtafute mzee mmoja anayependa muziki. Mnunulie chai. Weka simu mfukoni ikiwa inanasa sauti, na umwambie kwanza kwamba inanasa, adabu ni adabu. Kisha mwambie kwamba "Shauri Yako" iliimbwa kwanza na Super Mazembe.

Halafu kaa vizuri kwenye benchi, maana hutaondoka mapema. Mpaka Ijumaa nyingine!